Ardhi ni amana: Tuwajue wanaosaidia vijiji kuipanga

NDUGU msomaji, leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda wengi hawalitarajii katika ukurasa wa Ijumaa, nalo ni kazi ya kupanga matumizi ya ardhi, na hasa watu wanaoifanya kazi hiyo katika mashirika yasiyo ya kiserikali, ambao majina yao hayatajwi mimbarini wala magazetini.

Tunaanza na tukio lililotufika wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulisindikiza jeneza katika kitongoji kimoja cha pembezoni mwa mji. Makaburi ya hapo ni ya zamani, yaliyowekwa wakfu na wazee waliotangulia. Tulipofika tulikuta njia haipo. Mashamba ya minazi yaliyoyazunguka makaburi yalikuwa yamekatwa viwanja na kuuzwa kimoja baada ya kingine. Kila mnunuzi akajenga ukuta mpaka ukomo wa kipande alichouziwa, na hapakuwa na hata mmoja aliyeambiwa kwamba hapo hupita maiti. Ikabidi vijana waparamie ukuta, na jeneza likapokewa kwa mikono juu ya vipande vya chupa vilivyochomekwa kuwazuia wezi. Baba wa marehemu, mzee asiyeweza tena kunyanyua mguu, alibaki upande wa pili wa ukuta. Hakupata kutia udongo katika kaburi la mwanawe.

Lililotuuma zaidi tulilijua sisi wenyewe. Mojawapo ya mauzo yale lilifungwa barazani mwa msikiti wetu, na saini yetu imo katika hati kama shahidi. Siku ile tuliuliza bei, tukauliza kama mke wa muuzaji ameridhia, tukaomba dua, tukatawanyika. Hatukuuliza njia inapita wapi.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza dhambi ile ilikuwa ya nani. Muuzaji aliuza kilicho chake, mnunuzi alilipa fedha yake halali, na mashahidi hatukusema uongo. Hakuna aliyekusudia kudhulumu, na hata hivyo dhulma ilitendeka. Tulichokipata katika kujiuliza huko ndicho tunachotaka kukisema leo: ardhi inayogawanywa kipande kwa kipande, bila watu wake kuketi pamoja kwanza, huzaa dhulma hata mikononi mwa watu wema. Kuketi huko pamoja, kabla ya ugomvi, ndiko kunakoitwa mpango wa matumizi ya ardhi.

Sheria inasemaje?

Katika nchi yetu ya Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Imegawanywa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Kwa makadirio yanayotumika kwa muda mrefu, ardhi ya vijiji ndiyo kubwa zaidi, takriban asilimia 70 ya nchi nzima, nayo imo mikononi mwa vijiji zaidi ya 12,000.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji jukumu la kuisimamia ardhi hiyo, ikiwajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji ambao ni wa wakazi wote watu wazima, wanaume kwa wanawake. Sheria hiyo inataka ardhi ya kijiji itengwe: ile ya wote, kama malisho, misitu, visima na makaburi, ile ya mtu mmoja mmoja au familia, na ile ya akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kisha ikaja Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, na ipo Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi iliyoundwa tangu mwaka 1984.

Basi msomaji atauliza, ikiwa sheria ipo na tume ipo, mashirika haya yanatafutwa kwa kazi gani? Jibu ni kwamba kuandaa mpango wa kijiji kimoja kwahitaji wataalamu, magari, vipimo, ramani na siku nyingi za vikao, na wilaya nyingi hazina fedha za kutosha wala watu wa kutosha. Kwa sababu hiyo vijiji vingi vimekaa miaka na miaka bila mpango wowote. Hapo ndipo wanapoingia watu tunaowazungumzia.

Watu wa Kiteto

Tuchukue mfano wa Wilaya ya Kiteto, mkoani Manyara. Hiyo ni nchi ya nyika, yenye mvua chache, ambamo wafugaji wa Kimaasai wanaishi pamoja na wakulima waliohamia kutoka mikoa mbalimbali wakifuata ardhi ya mahindi. Mjini Kibaya, makao makuu ya wilaya, kuna shirika liitwalo KINNAPA. Jina hilo limeundwa kwa herufi za mwanzo za vijiji sita: Kibaya, Kimana, Njoro, Ndaleta, Namelock na Partimbo. Shirika likajiita kwa majina ya vijiji vyake, na watumishi wake hawana pa kujificha, kwani wanaokosewa wanajua mlango wa kubisha hodi.

Kazi yao huendaje? Kwa mujibu wa mwongozo wa taifa, mpango wa kijiji hupitia hatua sita. Kwanza ni maandalizi wilayani. Pili ni kukaa na wanakijiji wenyewe ili waeleze wanavyoishi, wanachokosa na wanachogombania. Tatu ni kuhakiki mipaka na kuchora ramani ya ardhi ilivyo sasa. Nne ni kuandaa mpango wenyewe, yaani kukubaliana wapi palimwe, wapi pachungwe, wapi pajengwe na wapi paachwe. Tano ni utekelezaji, zikiwemo sheria ndogo za kijiji na hati za hakimiliki ya kimila. Sita ni usimamizi wa matumizi ya ardhi ya kijiji.

Hatua hizi zikisomwa kwenye karatasi ni nyepesi. Uwandani, kila moja ina uzito wake. Mtumishi wa shirika hukaa chini ya mgunga tangu asubuhi akingoja akidi itimie, kwa sababu mkutano usiotimia hauna nguvu ya kisheria. Hutembea na wazee kutoka kilima hadi korongo akiwa na kipimo mkononi, na wazee wa kijiji jirani wakiwa upande wa pili, maana kijiji hakiwezi kupewa cheti cha ardhi yake wakati mpaka wake una mgogoro. Huwauliza wanawake peke yao maji yako umbali gani, kwa kuwa mbele ya waume zao wengine hunyamaza. Huchora ramani ya kwanza mavumbini kwa kijiti, mawe yakiwa maboma na majani yakiwa malisho, ili asiyejua kusoma naye aweze kunyoosha kidole na kusema, hapana, kisima hakipo hapo.

Katika Kiteto walikutana na jambo ambalo ramani ya kijiji kimoja haiwezi kulitatua. Ng'ombe haujui mpaka wa kijiji. Mvua ikinyesha upande huu, mifugo huja huku. Ikikoma, hurudi kule. Kijiji kikipanga malisho yake peke yake na jirani akafanya hivyo hivyo, mapito ya mifugo hukatika katikati, kama ilivyokatika njia yetu ya makaburini. Ndipo katika miaka ya 2010, kwa mradi uliowaunganisha Tume ya Taifa, halmashauri ya wilaya, watafiti wa mifugo na KINNAPA, vijiji vitatu vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vikakubali kupanga kwa pamoja. Eneo la malisho lililopakana likawa moja, likapewa jina la OLENGAPA, lililotokana na majina ya vijiji hivyo, na kikaundwa chama cha wafugaji wa vijiji vyote kulisimamia. Sheria iliruhusu makubaliano ya namna hiyo baina ya vijiji tangu mwaka 1999. Kilichokuwa kinakosekana ni watu wa kukaa na wanavijiji mpaka makubaliano yapatikane.

Si Kiteto peke yake. Kutoka Arusha, shirika la Ujamaa Community Resource Team limefanya kazi kama hiyo kwa miaka mingi katika nyika za kaskazini. Mwaka 2011 lilisaidia jamii ya Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, kupata hati ya kimila ya ardhi yao kama jamii. Kabla ya hapo, kila mgeni aliyefika Yaeda aliiona ardhi ile kuwa ni tupu, kwa kuwa haikuwa na shamba wala zizi. Edward Loure, aliyeliongoza shirika hilo, ni mtoto wa nyika za Simanjiro ambaye jamaa zake walipoteza ardhi ilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire mwaka 1970. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, kwa kazi ya kuzipatia jamii hati za pamoja badala ya hati za mtu mmoja mmoja, kazi iliyohusu zaidi ya ekari 200,000. Tunamtaja kwa sababu ya jambo moja: aliyeonja kupoteza ardhi ndiye aliyegeuka kuwalindia wengine.

Damu ya Kilosa

Huenda msomaji akadhani haya ni mambo ya karatasi. Akumbuke basi Kilosa. Tarehe 8 Desemba 2000, siku ya Ijumaa, ndani ya mwezi wa Ramadhani, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, mkoani Morogoro, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kabla ya siku hiyo palikuwa na mazao yaliyoliwa, mifugo iliyokamatwa, malisho ya kiangazi yaliyozidi kufinywa, na malalamiko yaliyopelekwa kwa wenye mamlaka bila kupata haki. Kila upande ulikuwa na dhulma yake ya kuhesabu. Ile panga ilipochomolewa, muda wa kuketi ulikuwa umekwisha. Na huko huko Kiteto, mwezi wa Januari 2014, watu walipoteza maisha katika ugomvi wa ardhi ambao ulikwisha pita mahakamani kwa miaka kadhaa bila kumalizika nyoyoni.

Hatusemi kwamba ramani ingezuia kila tone la damu. Tunasema kwamba mtu anayejua ng'ombe wake watapita wapi kesho ana sababu moja pungufu ya kushika silaha leo.

Wanazuoni wetu walilijua hili

Kupanga ardhi kwa ajili ya wote si jambo geni katika dini yetu. Katika zama za ujahili, mwenye nguvu alikuwa akijitengea malisho bora na kuwafukuza wanyonge. Mtume (S.A.W.) akaiondoa desturi hiyo, na eneo la malisho lililotengwa, liitwalo hima, likawa ni kwa maslahi ya umma tu, kama ile ya Naqii karibu na Madina iliyowekwa kwa farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka mtumishi wake Hunayy kuisimamia hima, alimwagiza awaruhusu wenye mbuzi na ngamia wachache waingie, na awe na tahadhari na mifugo ya matajiri wakubwa, akiwataja kwa majina masahaba wawili wenye mali nyingi, kwa sababu tajiri mifugo yake ikifa ana mitende na mashamba ya kurejea, ama maskini atakuja mlangoni na wanawe wakilia. Tazama hekima hiyo. Msimamizi wa ardhi ya wote hakuambiwa awatendee watu wote sawasawa kwa hesabu. Aliambiwa amtazame kwanza asiye na pengine pa kwenda.

Mafakihi nao wakaweka harimu ya kisima, yaani eneo la kuzunguka maji ambalo haifai mtu kulihodhi, ili wanaokuja kunywa wapate nafasi. Na kuhusu njia, Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wake, iwe dhiraa saba. Dhiraa saba, ndugu zetu! Hukumu hiyo tuliisoma madrasa tukiwa watoto, tukaihifadhi, na tukaja kutia saini mauzo ya kiwanja kilichokula njia ya makaburini.

Amana ya mwenye kuchora mstari

Pamoja na kuwasifu watu hawa, haifai tuwasifu bila kuwausia. Anayeshika kalamu ya kuchora mpaka ameshika amana nzito. Mpango wa ardhi unaweza kuwa njia ya kumlinda mnyonge, na unaweza kuwa njia ya kumpokonya kwa adabu. Yamekuwepo malalamiko katika nchi yetu kwamba mipango mingine iliharakishwa kwa kuwa fedha za mfadhili zilikuwa na tarehe ya mwisho. Kwamba mingine ilitengewa uhifadhi au uwekezaji kwanza, kisha wanakijiji wakaitwa kubariki. Na kwamba malisho ndiyo hukatwa mwanzo, kwa sababu mchoraji huona shamba lakini haoni nyayo.

Kwa hiyo tunawausia mambo matatu. La kwanza ni subira. Kikao kilichoahirishwa mara tatu ni afadhali kuliko saini ya siku moja ambayo nusu ya kijiji hawakuielewa. La pili ni kumsikiliza asiyekuwepo. Mfugaji yuko machungani, mjane yuko shambani, Mhadzabe hakuzoea kusema mikutanoni. Na kila asiyekuwepo wakati mstari unachorwa, kwa kawaida mstari humpitia juu. Sheria yetu imetaka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Basi wanawake hao wasiwe wa kujaza viti. La tatu ni kurudi. Mpango uliofungiwa kabatini mwa mtendaji haumlindi yeyote. Bikoni hung'olewa, viongozi hubadilika, kijiji hugawanywa kikawa viwili, na vijana wazaliwa baada ya mkutano hawajui kilichokubaliwa. Shirika linalopiga picha siku ya kukabidhi hati na lisionekane tena, limefanya nusu ya kazi.

Nasi pia tuna la kufanya

Tusiwatwike mzigo wote watu wa mashirika. Maimamu, makadhi na kamati za misikiti tunashuhudia mauzo ya ardhi na tunagawa mirathi kila siku. Tumejifunza mafungu ya warithi kwa hesabu isiyokosea hata chembe, tukampa kila mmoja haki yake katika shamba, lakini mara nyingi hatuulizi kama vipande vile vitabaki na njia, na kama kisima kilichokuwa kikinyweshea mtaa mzima kimeangukia ndani ya ua wa mrithi mmoja. Mtume (S.A.W.) ametuonya vikali juu ya anayechukua ardhi ya mwenzake hata kama ni shibiri moja. Wengi wetu tunaogopa kuichukua shibiri hiyo kwa mikono yetu. Tuogope pia kuishuhudia ikichukuliwa.

Kwa upande wetu, katika msikiti wetu tumeweka utaratibu mdogo. Hatutii saini hati yoyote ya mauziano ya kiwanja mpaka tumekwenda uwandani kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote nne, na mpaka njia, maji na makaburi vimeandikwa ndani ya hati. Wapo waliokasirika wakaenda kutafuta mashahidi wengine. Hatuwezi kuwazuia. Lakini wapo waliorudi.

Na ile njia ya makaburini? Baada ya vikao vingi, wamiliki wawili kati ya wanne wamekubali kurudisha kuta zao nyuma. Imepatikana njia ya watu kupita wawili wawili, bado haijafika dhiraa saba. Jeneza sasa linapita bila kunyanyuliwa juu ya ukuta. Mzee yule hakuishi kuiona. Alikuwa wa kwanza kupitishwa humo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote wanaokaa chini ya miti wakingoja akidi itimie, atujaalie sisi kuuliza kabla ya kutia saini, na azilinde ardhi zetu zisiwe sababu ya kumwagana damu. Wabillahi tawfiq.